Nilisema Ana Wake Wawili Ili Asipewe Viza ya Ubeleji

Kosa ni langu. Naliandika mbele ya yote, juu najijua: nikianza kueleza nazunguka, nazunguka, na mwisho watu wanafikiri mwenye kosa ni mungine. Hapana. Ni mimi! Jina langu siandiki. Watoto wa watu wale wako hai bado, na pengine mumoja wao anasoma gazeti hili hili.

Sasa nianze na mbuzi. Munivumilie, mbuzi huyu iko na maana yake.

Nilikuwa mutoto, kwetu upande wa Pangi. Baba alikuwa na mbuzi dume, mweupe, sikio moja jeusi. Mimi njo nilikuwa namuchunga. Wakati ule Muzungu mumoja alikuwa anapita na kamyo, lori lake kubwa, kununua nyama ya kulisha wachimbaji wa madini. Hakununua hivi hivi. Alimufungua mbuzi mudomo, akaangalia meno. Akamuminya mugongo kwa vidole. Akamutundika kwenye mizani. Huyu wetu akasema amekonda. "Mulishe kwanza. Nitarudi."

Basi nikamulisha. Majani ya viazi, maganda ya ndizi, chumvi kidogo ya kuiba jikoni kwa mama. Nilifurahi kumuona ananenepa! Muzungu akarudi, akapima tena, akaridhika, akamufunga kipande cha bati chenye namba kwenye sikio lile jeusi. Kisha akaweka chumvi kwenye kiganja, na mbuzi akapanda ubao wa kamyo mwenyewe, kwa miguu yake, akilamba. Hakulia hata kidogo.

Hilo njo lilinikaa rohoni. Hakulia.

Nikamuuliza baba, "Atarudi lini?" Baba alicheka mpaka akaketi chini. Mama akashika nguzo ya nyumba. Mpaka leo nikisikia watu wanacheka pamoja, kwanza naangalia kama wananicheka mimi.

Nilipokuwa mukubwa nilikuja Kindu, nikapata kazi kwenye reli. Kazi ya kutia mafuta magurudumu ya mabehewa. Ukiona muntu anatambaa chini ya treni na kopo, mweusi mara mbili, njo mimi. Walinipa nyumba kwenye kambi ya wafanyakazi, nyumba za matofali zimeshikana mbili mbili, ukuta mumoja katikati. Upande wa pili wa ukuta wangu alikaa Kalonji.

Kalonji alikuwa muntu wa Kasai, Mukristo, mwenye sauti kubwa. Akipiga chafya kwake, muke wangu anamuombea afya kwetu. Kazi yake ilikuwa kutia kuni kwenye moto wa mashini ya treni, na nyusi zake zilikuwa zimeungua daima. Siku ya pumziko tulikuwa tunavuka muto kwa mutumbwi mpaka Alunguli, kula samaki na kubishana na wauza mboga. Siku mutoto wangu Feza alipokamatwa na degedege, mimi nilisimama tu kama mujinga. Kalonji njo alimubeba mugongoni, akakimbia naye kwenye mvua mpaka hospitali, kiatu kimoja kimebaki kwenye matope. Mutoto akapona. Nawaandikia hili mujue ni muntu gani niliyemufanyia nilichomufanyia.

Alikuwa na hamu moja tu duniani. Alitaka kuendesha treni. Sio kutia kuni: kuendesha, mukono wake mwenyewe kwenye chuma, bila Muzungu nyuma ya bega.

"Ndugu," alikuwa ananiambia, "najua kila kona toka hapa mpaka Kibombo. Najua pale treni inapochoka na pale inapotaka kukimbia. Lakini mimi niko muntu wa kuni tu."

Halafu ikaja habari. Mashini mupya za mazuti, mafuta ya dizeli, zinakuja, hazili kuni. Wakubwa wa reli watamutuma Mweusi mumoja Ubeleji kujifunza kuziendesha. Wakamuchagua Kalonji. Nyuma yake wakamuweka Prosperi, fundi wa breki, kama wa kwanza atashindwa.

Kambi nzima ilipiga kelele! Mama Monika, muke wa Kalonji, alicheza mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka. Mimi pia nilicheza. Nilicheza, lakini nilikuwa najiuliza maswali. Juu ya nini watupeleke kwao? Dada yangu alipokufa Punia, mimi mwenyewe nilingoja karatasi ya kutoka teritware moja, yaani wilaya, kwenda nyingine mpaka walikwisha kumuzika, wakanyoa nywele za matanga, wakazisahau. Kwenda Punia tu, ndani ya Maniema yetu! Leo watu wale wale wanamubeba muntu mpaka nchini kwao, kumufundisha kazi wanayoifanya wao? Iko kitu.

Na masharti sasa! Ninyi vijana munalia kwenye gazeti hili juu ya viza ya Ulaya, munasema masharti ni mengi. Munisikilize. Wakati ule Kongo ilikuwa yao, Ubeleji ilikuwa yao, lakini Mweusi kutoka nyumba moja ya bwana kuingia nyumba nyingine ya bwana yule yule, lazima paspoti, lazima viza, na mbele ya viza lazima wakugeuze ndani nje kama shati. Cheti cha ubatizo. Cheti cha ndoa ya kanisani, muke mumoja tu. Neno la shefu wa kazi. Neno la polisi kwamba hujafungwa. Vidole vyote kwenye wino. Ahadi ya kurudi. Na dokteri.

Dokteri! Hapo njo ugonjwa wangu ulianza.

Kalonji alirudi toka hospitali, akaketi kwenye kizingiti, akatuhadithia. "Wamenifungua mudomo, wakaangalia meno yote. Wameniminya shingo. Wamenichoma sindano kwenye mugongo, wanatafuta ugonjwa wa usingizi. Wamenipandisha kwenye mizani."

Nikamusogelea. "Halafu?"

"Dokteri anasema nimekonda. Eti nile kwanza, nirudi anipime tena." Akatoa kwenye mufuko mikebe ya maziwa na samaki wa chumvi, akamupa Mama Monika. "Ona mambo! Muntu wa kuni leo ananyonya!"

Mawe, mama yangu! Niliona chumvi ile ile kwenye kiganja.

Kisha wakamutoa kwenye moto asiendelee kukonda, wakamuweka kwenye bohari, kazi ya kukaa. Fundi wa nguo akaja kumupima koti la baridi: shingo, kifua, tumbo. Akamupima tumbo mara ya pili! Akapigwa foto, kibao chenye namba chini ya kidevu. Namba! Mimi kila nikiongea naye macho yangu yanakwenda kwenye sikio.

Mujue pia watu walikuwa wanasema nini siku zile. Toka Katanga mpaka kwetu tulikuwa tunaogopa batumbula, watu waliosemwa kwamba wanakamata Weusi kwa ajili ya Wazungu, wanawanonesha mahali pa siri, wanawageuza nyama ya mikebe. Musicheke! Muntu akichelewa kutoka shambani, watu walikuwa wanamutafuta na mapanga. Mimi nyama ya mukebe sijaila mpaka leo, na meno ya kuila sina tena.

Nikamuambia Kalonji. Nilimuambia mara moja tu, tena vibaya, mbele ya watu, tukiwa kwenye bomba la maji la kambi.

"Ndugu, angalia sana. Wanakunonesha."

"Wananinonesha namna gani?"

"Nilikuwa na mbuzi..." Nikamueleza yote. Meno, mizani, namba, chumvi, ubao wa kamyo.

Kalonji alinitazama. Halafu akacheka kicheko chake kile, ndoo ikamutoka mukononi. "Sikieni! Sikieni, wamama! Muntu wa Pangi anasema mimi ni mbuzi wa baba yake!" Wanawake wakashika mbavu. Prosperi akanyoosha shingo, akalia, "Meee!" Kalonji akanikamata bega, machozi yanamutoka. "Ndugu yangu, wao walipokuja hapa Kongo, nani aliwafungua mudomo? Waache wanifungue. Mimi nakwenda kuchukua treni."

Toka siku ile jina langu kambini likawa Bwana Mbuzi. Watoto walikuwa wananililia meee nikipita. Hata muke wangu, siku moja nimechelewa kula, akasema, "Ingia basi, majani yako yanapoa."

Nilicheka pamoja nao. Nilicheka kwa mudomo. Ndani, baba alikuwa ameketi chini tena, anacheka.

Sasa habari ya Ngalula, na hapa musinipotee, juu yeye njo aliyelipa.

Kalonji alikuwa na kaka mukubwa, akafa kule Kasai. Mujane wake ni Ngalula. Hakuwa na mutoto, wala ndugu wa kumutunza, akapanda treni akaja Kindu kwa shemeji yake. Kwa desturi ya kwao, na ya kwetu pia, mujane wa kaka unamuriti, anakuwa muke wako. Kambi yote ilingoja kuona. Lakini Kalonji alikuwa Mukristo kweli kweli. Alimupa chumba kidogo nyuma, karibu na jiko, akamuita mama mbele ya watu wote, na mulango wa chumba kile hakuuvuka. Mimi njo shahidi. Ukuta wetu ni mumoja, na masikio yangu munayajua sasa, hayalali. Nilikuwa nasikiliza. Naona haya kuandika, lakini nilikuwa nasikiliza! Sikusikia kitu. Kikohozi tu, na sala.

Ngalula alikuwa muntu mupole, mwembamba. Akipika sombe, majani ya muhogo, sahani moja ilikuwa yetu. "Shemeki, leta sahani," alikuwa ananiita juu ya uzio, kuniheshimu kama shemeji. Pale watu wote walipoacha jina langu wakashika Mbuzi, yeye alibaki na shemeki.

Siku ya komisheni ikafika. Hilo lilikuwa sharti la mwisho: wakubwa waje nyumbani kuona kama muntu anaishi namna wanayoitaka wao, mbele hawajamupa viza. Alikuja bwana ajenti wa teritware, kijana, mugeni, Kiswahili chake cha kuamuru tu. Alikuja madamu muzungu aliyekuwa anafundisha wanawake kushona. Na karani mumoja Mweusi, Mungwana, Mwislamu wa Kindu hapa hapa, wa kugeuza maneno. Waliangalia choo. Waliinua godoro. Madamu alifungua kabati, akatazama kama uma zinatumika ao zimewekwa za kuonyesha. Mama Monika alisimama katikati ya nyumba na gauni lililopigwa pasi mpaka lilikuwa linaweza kusimama bila yeye. Ngalula alikuwa uani, anachambua mboga, amekatazwa kujificha. "Wewe ni jamaa," Kalonji alimuambia. "Hatuna cha kuficha."

Kisha wakaja kwangu. Sharti lilitaka jirani aulizwe peke yake, mulango umefungwa.

Mbele sijaingia, Kalonji alitoa kichwa juu ya uzio. "Bwana Mbuzi! Usiniangushe, nitakuletea majani ya Ulaya!" Alikuwa anacheka. Alikuwa ananiamini kama anavyoamini ukuta.

Ajenti akaketi. Akauliza kama Kalonji ni mulevi. Nikasema hapana. Kama anapiga muke. Hapana. Kama anasema mabaya juu ya serikali. Hapana, bwana! Yote nilijibu vizuri, na kweli nilikuwa namusifu. Halafu karani akageuza swali la mwisho.

"Yule mwanamuke wa uani ni nani wake?"

Nilimuona mbuzi anapanda ubao. Nasema mbele ya Mungu, nilimuona. Anapanda, analamba, halii. Na nyuma yake nilisikia watu wanacheka.

Nikasema, "Ni muke wake wa pili."

Karani hakugeuza neno lile palepale. Alinitazama. Akaniambia kwa Kiswahili, polepole, muzungu yuko anajifuta jasho, "Ndugu yangu, fikiri. Unasema ni mujane wa jamaa anayemulisha, ao unasema analala naye?"

Alinipa njia ya kutoka! Muntu yule alinifungulia njia pana kama barabara ya soko!

Nikasema, "Analala naye. Nasikia kwenye ukuta."

Nasikia! Masikio haya haya.

Walipoondoka, nilijiambia: nimemuokoa. Atakasirika kidogo, lakini atakuwa hai. Atazeeka hapa karibu nami, na siku moja atanishukuru. Njo nilivyojiambia. Na nilikula vizuri siku ile, niliongeza sahani.

Viza ikakataliwa. Paspoti ikakataliwa. Hilo njo nililokuwa natafuta. Lakini haikuishia pale, na mimi na akili yangu ya mbuzi sikuwa nimefikiri zaidi ya pale! Padri akamukataza komunyo mpaka atubu dhambi ambayo hakuifanya, na Kalonji akakataa kuitubu. Shefu wa reli akasema muntu aliyedanganya komisheni hagusi tena mashini, hata ile ya kuni. Akamushusha, kusukuma mabehewa pamoja na sisi wa mafuta. Na ikaja amri "muke wa pili" atoke kambini, arudishwe kwao.

Kalonji hakujua nani alisema. Karani alikuwa amekatazwa kufungua mudomo. Basi shaka ikaingia kila nyumba. Kalonji akamushuku Prosperi, maana yeye njo anakwenda sasa. Wakapigana kwenye karakana, jino la mbele la Prosperi likatoka, na dokteri alikuwa hajamupima bado! Akamushuku mwalimu wa kanisa. Akamushuku muke wake mwenyewe, eti alimuonea Ngalula wivu, na Mama Monika alikuwa analia muchana kutwa, mimi nasikia. Wanawake wakaacha kuazimana chumvi. Kwenye bomba la maji kila muntu alijaza ndoo yake kimya, anatazama mudomo wa mwenzake. Hakuna aliyenililia meee tena. Nilikuwa nimeyapata niliyoyataka, watu wameacha kucheka.

Mimi peke yangu Kalonji hakunishuku. Alikuwa anakuja kwangu, anaketi.

"Ni wewe tu umebaki, ndugu," akaniambia. "Wewe hata ujinga wako uliniambia usoni."

Munasikia neno hilo? Na mimi nikamumiminia chai!

Siku ya Ngalula kuondoka, Kalonji hakuruhusiwa kuacha kazi. Mimi njo nilibeba furushi lake mpaka kwenye treni. Alipanda ngazi ya behewa, akageuka.

"Shemeki, ni nani alisema?"

"Watu wabaya," nikajibu.

"Wananitakia nini mimi? Kule ninakokwenda hakuna muntu. Hata nyumba ya marehemu imekwisha kuanguka." Halafu akakumbuka kitu, akafungua furushi, akanipa sahani yangu, ile ya sombe, imeoshwa. "Nilisahau kuirudisha. Umusalimie Feza."

Treni ikavuta. Aliketi karibu na dirisha, ananitazama. Hakulia hata kidogo.

Prosperi akaenda Ubeleji. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikaa naomba asirudi! Akipotea kule, mimi nilikuwa na haki. Nitasimama kwenye bomba la maji niseme, munaona? Kila treni ikiingia nilikuwa naangalia watu wanaoshuka, nikiona hayumo, roho inatulia. Munaona nilifika wapi? Nilikuwa nataka muntu aliwe ili mimi nisiwe mujinga.

Akarudi. Koti, kofia, viatu vinalia, mashavu kama ya mutoto wa bwana. Kambi ilimubeba juu. Mimi nilisimama mbali, najisemea: huyu siye. Wametuma mungine, wamemuvika sura yake. Nikangoja watu wapungue, nikamufuata kumujaribu.

"Prosperi, mupishi wa kantini, yule wa kuchechemea, tulikuwa tunamuita nani?"

"Tairi Moja. Juu ya nini unaniuliza?"

"Na mimi, siku ile kwenye bomba la maji, ulinifanyia nini?"

Akanitazama. Akaanza kutabasamu, pengo la Kalonji likaonekana. "Meee," akasema.

Alikuwa yeye. Nikaketi kwenye kasha lake.

"Walikupima tena kule?"

"Sana! Na Wazungu wenyewe wanapimwa, kijana na muzee, matumbo nje, kwenye mustari mumoja. Wanatafuta magonjwa tu. Walikuwa wananiogopa mimi kuliko nilivyokuwa nawaogopa." Akacheka. "Halafu wakanipa supu ya viazi. Hawakunila, Bwana Mbuzi. Walikuwa hata hawaniamkii njiani."

Baadaye mashini ya mazuti ilifika Kindu. Nilimuona Prosperi anapanda, mukono kwenye chuma, hakuna Muzungu nyuma ya bega. Ikapiga honi. Kalonji alikuwa chini pamoja nami, tunasukuma behewa. Hakuinua kichwa. Aliondoa mikono kwenye behewa, akasimama kimya mpaka mashini ikapita, namna watu wanavyosimama maiti ikipita.

Hapo sikuweza tena.

Lakini mbele sijasema mwisho, niwaambie ninyi munaotafuta viza, na zaidi ninyi munaokaa karibu na wanaotafuta viza. Siwaambii musiogope. Iko mambo ya kuogopa, na anayewaambia Ulaya ni mukate na siagi tu naye mumushuku! Lakini woga wako umupe mwenzako usoni. Akicheka, umuambie tena. Akikuita mbuzi, umuambie tena, mbuzi hivyo hivyo. Usiupeleke nyuma ya mulango uliofungwa kwa wale wale unaowaogopa! Mutazame ujinga wangu. Niliogopa Wazungu watamula rafiki yangu, na ni nani nilimuendea kumushitaki? Wazungu! Na wakimaliza kukuuliza juu ya jirani, na wewe iko kidonda tumboni, sema "sijui," utoke uende zako. Neno dogo tu. Lingemuacha Ngalula kwenye jiko lake.

Basi. Nilimuambia Kalonji kwenye kazi, jua kali, tukiwa wawili katikati ya mabehewa. Nilimuambia yote: karani, mulango, "nasikia kwenye ukuta." Nilidhani atanipiga. Nilitaka anipige! Nilikuwa nimekwisha kuweka kopo la mafuta mbali lisimwagike.

Hakunipiga. Aliniuliza kwa sauti ndogo ambayo sikupata kuisikia kwake miaka yote ile ya ukuta mumoja.

"Ulisema juu ya kuniogopea, ao ulisema juu ya kile kicheko?"

Nikafungua mudomo. Nikatafuta ndani. Natafuta mpaka leo na uzee huu, sijapata jibu ninaloweza kuliapia.

"Sijui," nikasema.

Neno lile njo nililitoa pale!

Akatikisa kichwa polepole, kama muntu aliyesikia bei ya kitu na hakinunui. Akajifuta mikono, kidole kwa kidole. Akavua kofia ya reli, akaitundika kwenye ndoano ya behewa, vizuri, isianguke. Halafu akashuka kwenye reli, akaanza kutembea upande wa Kibombo, upande ilikokwenda treni ya Ngalula, anakanyaga mataruma. Hana furushi. Hana karatasi.

"Kalonji!" nikapiga kelele. "Karatasi! Watakukamata njiani!"

Mama Monika na watoto, ndugu zao walikuja kuwachukua baadaye, na hawakuniaga, na walifanya vizuri. Lakini hayo ni ya baadaye. Siku ile nilisimama tu na mafuta yangu kwenye mikono, namuangalia anakuwa mudogo, mudogo, mpaka kona ya kwanza, moja ya zile kona alizokuwa anazijua zote. Akaikata. Hakurudi.